Mplamu wa Maua Bustanini Nairobi: Dalili Unazoziona na Chanzo Chake

Mplamu wa maua ukianza kukusumbua, usikimbilie agroveti. Shika kalenda kwanza, kisha jembe. Kwa miti hii midogo tunayoipanda mbele ya nyumba zetu Nairobi, malalamiko mengi ninayoyasikia yana vyanzo viwili tu: mti haujapata mapumziko yake ya mwaka, au mizizi yake inakaa majini. Hakuna chupa ya dawa inayotibu hayo mawili. Ndiyo maana inaniuma kuona mti mzuri ukinyunyiziwa wiki baada ya wiki, mwishowe ukang'olewa, ilhali ulichohitaji ni mfereji wa kutoa maji au majuma kadhaa ya kuachwa na kiu.

Dalili nimezianza na zile zinazoulizwa zaidi. Kabla yake, jua una mti gani.

Mplamu wako ni wa aina gani?

Unaouzwa kwa jina la plamu ya maua mara nyingi ni Prunus cerasifera wenye majani ya zambarau. Ule wa majani mekundu ulifika Ufaransa karibu na mwaka 1880, ukitumwa na Pissard, mtunza bustani wa mfalme wa Uajemi, na hadi leo aina moja inaitwa 'Pissardii'. Nyingine ni 'Nigra' na 'Thundercloud'. Ukiachwa hufika mita 5 hadi 8, ila kwa makasi unaweza kuuweka chini ya mita 4. Kuna pia Prunus × cistena, kichaka cha mita 2 au kuzidi kidogo, alichokizalisha Niels Hansen huko South Dakota, Marekani, na kukitoa mwaka 1910. South Dakota ni nchi ya theluji, na kichaka hicho kilichaguliwa kwa kustahimili baridi kali. Kwa Nairobi mimi nakihesabu kuwa mti wa majani, wala sitarajii maua.

Kundi la tatu ndilo ninalolipendekeza kwa mji huu: miplamu yenye damu ya Prunus salicina wa Asia ya Mashariki, hasa Methley. Methley ulipatikana Natal, Afrika Kusini, ukiwa chotara wa salicina na cerasifera, na haudai baridi nyingi. Maua yake ni meupe, madogo, na yanakuja kwa wingi kabla ya majani. Majani ni ya kijani tu, lakini kama mwekundu usiochanua na wa kijani unaochanua yote miwili iko mbele yako, na lengo lako ni maua, chaguo liko wazi.

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, muuzaji muulize swali moja: mche umeungwa wapi? Mche ulioungwa, yaani tawi la aina moja lililounganishwa juu ya shina la mti mwingine, una kovu au mpindo mdogo kwenye shina, kiasi cha shubiri moja juu ya udongo. Kama shina limenyooka tupu kuanzia chini, huenda mche umetoka kwenye mbegu, na mbegu ya plamu haimrithi mama yake sawasawa. Unaweza kununua zambarau ukapata kijani, na maua ukayangoja miaka mingi.

Majani tele, maua hakuna

Hili ndilo swali linaloongoza, nami nitakaa hapa kwa muda.

Miplamu hutoka nchi zenye majira ya baridi. Maua ya mwaka ujao hutengenezwa ndani ya vitumba mwaka huu, kisha mti hulala. Ili uamke vizuri, unahitaji kukusanya saa nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Aina za zambarau hudai mamia ya saa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na digrii 1 tu kusini mwa ikweta. Usiku wa Julai, ule tunaoulalamikia kwa kuvaa masweta mawili, sehemu nyingi kipimo huzunguka nyuzi 10 hadi 12. Urefu wa mchana nao haubadiliki kwa kiasi cha kuutambulisha mti kwamba msimu umegeuka. Kwa hiyo mti unabaki nusu macho, nusu usingizini.

Dalili ya mti wa namna hii ni rahisi kuitambua ukisogea karibu. Shika tawi la mwaka jana. Nchani pana kishada cha majani mapya mekundu. Chini yake pana urefu wa mkono mzima wa tawi tupu lenye vitumba vidogo vya kahawia vilivyokauka. Na chini zaidi yamebaki majani machakavu ya mwaka uliopita ambayo hayakudondoka. Maua, kama yapo, ni moja Agosti, mawili Oktoba, moja tena Desemba. Kibanye kitumba kimoja kwa kucha. Kikiwa cha kijani ndani, bado kiko hai na kuna la kufanya. Kikiwa kikavu na cheusi, cha mwaka huu kimekwisha.

La kufanya ni kuupumzisha mti kwa kiu, kisha kuushtua kwa mkono. Wakulima wa matofaa wa Batu, mashariki mwa Java nchini Indonesia, ambako hakuna baridi ya kutosha kabisa, wamejulikana kwa kupata mazao mara mbili kwa mwaka kwa kuukopoa mti majani yote kwa mikono baada ya mavuno. Mti usio na majani hushtuka ukatoa maua badala ya kuzama usingizini. Kwa mplamu wa Nairobi ninaufuata mwendo huu:

Mbolea ikome mwezi Mei, mvua za masika zinapokwisha. Juni usimwagilie, isipokuwa mti mchanga wa mwaka mmoja au miwili, nao upewe kidogo tu. Julai ya kati hadi mwisho wake, kipupwe kikiwa kimekaza na anga kavu, kopoa majani. Ishara ya kuwa wakati umefika ni kwamba majani yamekuwa magumu, vitumba vimenona kwenye kwapa za majani, na kikonyo kinavunjika chenyewe ukikisukuma kwa kidole gumba kuelekea nchani. Ukikivuta kuelekea chini utachuna gome pamoja na kitumba, na hapo umepoteza ua. Mti wa mita 3 ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Wiki ya tatu ya Agosti umwagilie maji mengi kwa mara moja, madebe manne au matano, yazame polepole. Mambo yakienda vizuri, maua hufunguka ndani ya wiki chache, kabla mvua za vuli hazijaja kuyaangusha.

Majani uliyoyakopoa usiwape mbuzi wala sungura. Majani ya plamu yanayonyauka hutoa sumu ya sianidi, na mnyama mdogo anaweza kufa kwayo. Mwambie pia kijana anayekusaidia kazi ya bustani, maana kwa kawaida yeye ndiye mwenye kuyabeba nyumbani kama malisho.

Sitaki kumdanganya mtu: njia hii haimgeuzi 'Nigra' kuwa Methley. Mti unaodai baridi nyingi utatoa maua zaidi ya ulivyokuwa ukitoa, na yatakuja kwa pamoja, lakini hautakuwa ule wa picha za kalenda za Ulaya. Wakazi wa Limuru na Tigoni, walio juu zaidi ya mita 2,000, wana nafasi nzuri kuliko mtu wa Embakasi. Dawa za viwandani za kuamsha vitumba zipo kwa mashamba makubwa. Nyingine ni kali mno kwa ngozi na mapafu, na sioni sababu ya kuziingiza uani ambako watoto wanacheza.

Kama kopoa-kopoa haikusaidia, angalia mambo mengine manne. Kivuli: mplamu unataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na ukuta wa ghorofa mpya ya jirani unaweza kuwa umelichukua bila wewe kugundua. Samadi ya kuku: ukiirundika kila msimu mti unarefusha matawi na kusahau maua, mwaka mmoja bila mbolea yoyote unaweza kuurudisha. Makasi: ukipogoa Juni au Julai unakata vitumba vilivyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo pogoa mara tu maua yanapokwisha, siku za ukavu. Na matawi yaliyosimama wima: yafunge kwa kamba laini yalale upande. Tawi lililolala hupunguza mbio za kurefuka na hutengeneza vitumba vya maua zaidi.

Inafaa kukumbuka kwamba mplamu una ndugu wa Kiafrika, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita mũiri, na unaota Karura hapa hapa mjini bila kudai saa hata moja ya barafu. Ni mti mkubwa wa msitu, haufai uwanja mdogo, lakini mwenye ekari moja Karen na hamu ya jamii hii angefanya vyema kuufikiria.

Majani ya manjano, na mti unalegea ingawa kumenyesha

Hapa ndipo jembe linahitajika. Mti ukilegea wakati wa ukame, unataka maji. Mti ukilegea Aprili katikati ya masika, mizizi yake haipumui, na kuuongezea maji ni kuumaliza.

Nairobi ina udongo wa namna mbili kuu. Magharibi na kaskazini, kuanzia Karen, Lavington, Westlands hadi Runda, sehemu kubwa ni udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji. Mashariki na kusini, Embakasi, South C na kuelekea Mlolongo, ni ule mweusi wa kunata, udongo wa pamba, unaopasuka kiangazi hadi mkono ukaingia na kushika maji masika hadi gumbuti likabaki matopeni. Mplamu hauupendi huo mweusi. Tena miche yetu mingi imeungwa juu ya shina la mpichi, na mizizi ya mpichi ni miongoni mwa ile inayokufa upesi zaidi ikikosa hewa.

Pima hivi: chimba shimo la kina cha sentimita 50 mita moja na nusu kutoka kwenye mti, lijaze maji, yaishe, lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama kesho yake saa kama hiyo, tatizo lako umelipata.

Kosa linalorudiwa sana mitaa ya udongo mweusi ni kuchimba shimo kubwa, kununua lori la udongo mwekundu na kulijaza. Kwa macho inapendeza. Lakini shimo hilo ni beseni: maji ya mvua huingia kwa urahisi kwenye udongo mwekundu, hufika kwenye kuta za mfinyanzi, hukwama, na mizizi inaoza ndani yake. Udongo huo mwekundu uweke juu ya ardhi badala ya ndani yake. Tengeneza tuta la urefu wa sentimita 40 na upana wa mita 2, panda mti juu yake, na toa mfereji upande wa chini wa mteremko. Mti mchanga uliokwisha kupandwa shimoni unaweza kunyanyuliwa wakati umelala, Julai au mwanzo wa Agosti, ukahamishiwa juu ya tuta. Mkubwa hauhamishiki, uchimbie mfereji kuuzunguka nje ya ncha za matawi, na ondoa kabro zilizo karibu nao.

Kisha kagua shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi. Fukua udongo kwa mkono mpaka uone shina linapoanza kutanuka. Mara nyingi utalikuta limezikwa chini ya udongo, mboji na vipande vya mbao, vilivyoongezwa kidogo kidogo na kila mtunza bustani aliyepita hapo. Kwangua gome kwa kisu kidogo. Nyama nyeupe yenye ukijani ni uhai. Nyama ya kahawia, iliyolowa, yenye harufu ya uchachu, ni uozo wa shingo unaoletwa na vimelea vya udongo wenye maji. Ukiwa umekula chini ya nusu ya mzunguko wa shina, acha shingo wazi ikauke, usirudishe udongo, na mti unaweza kupona. Matandazo yakae umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, daima.

Manjano ya Julai na Agosti ni habari nyingine kabisa, na ni njema. Majani ya zamani yakigeuka rangi na kudondoka wakati wa kipupwe, mti unalala. Uache. Anayeuwekea mbolea wakati huo anauamsha kwa nguvu na kujinyima maua ya Septemba.

Na kama manjano iko kati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, tena kwenye majani machanga, fikiria chuma kilichofungwa na udongo wenye chokaa. Kwenye mitaa mipya mara nyingi chanzo ni vifusi: mafundi huzika saruji na mabaki ya mawe ya ujenzi palepale patakapokuwa bustani. Chimba, utavikuta. Viondoe, weka mboji nyingi. Dawa ya chuma ya kunyunyizia majani hurudisha rangi kwa muda tu.

Kingo za majani zimekauka kana kwamba zimeungua

Uliza maji yanatoka wapi. Maji ya visima virefu vya Nairobi yana sodiamu na baikabonati kwa wingi, na floraidi pia, na maji ya lori mara nyingi yanatoka kwenye visima hivyohivyo. Miti ya jamii ya plamu haivumilii chumvi. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakodhuru zaidi, kwa sababu maji yanapanda hewani na chumvi inabaki pale pale juu ya mizizi. Mwagilia mara chache kwa wingi, ili chumvi isukumwe chini, na maji ya paa yakusanye kwenye tangi: tangi moja la lita 1,000 likijaa Novemba linausaidia sana mti mmoja kuvuka Januari na Februari.

Gundi inatoka kwenye shina

Gundi si ugonjwa. Ni mti unavyojibu jeraha, na jibu ni lile lile kwa majeraha tofauti. Chukua donge moja la gundi, lipondeponde kati ya vidole, ulitazame juani.

Likiwa safi, la rangi ya asali, bila uchafu, mti umejeruhiwa kwa nje. Tafuta alama ya mashine ya kukatia nyasi chini ya shina, waya wa taa za Krismasi uliosahaulika, kamba ya kitalu iliyomezwa na gome, au upande mmoja wa shina uliobabuka kwa jua. Hilo la mwisho linawahusu waliokopoa majani: tawi lililozoea kivuli linapigwa na jua la ikweta ghafla. Paka shina na matawi makubwa rangi nyeupe ya maji, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kabla ya kukopoa.

Likiwa na unga wa mbao ndani yake, kuna kiwavi mtoboaji. Tafuta tundu, ingiza waya mwembamba umchome, kisha ziba. Matawi madogo yaliyotobolewa yakate uyachome moto.

Na ikiwa gundi inatoka pembeni mwa gome lililodidimia, la kahawia iliyoiva, lenye harufu ya uchachu, shuku kidonda cha bakteria. Bakteria hao, Pseudomonas syringae, hupenda baridi na unyevu, na huingilia kwenye makovu ya majani na kwenye mikato ya makasi. Kata tawi hilo shubiri moja chini ya mwisho wa ukahawia, siku ya jua kali, ukifuta makasi kwa spiriti kila mkato. Kikiwa kwenye shina kuu, kwangua gome bovu mpaka ufikie zima, liache likauke. Kwa sababu ya bakteria hawa hawa, ukopoaji wa majani usifanywe siku ya manyunyu. Julai ya Nairobi ina siku nyingi za ukungu wa mvua, basi ngoja wiki kavu.

Matundu, madoa na majani yaliyojikunja

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili za majani nazo zina mpangilio wake. Zitofautishe kabla ya kununua chochote.

Matundu ya duara yenye kingo nyekundu, kana kwamba yametobolewa kwa kitoboa karatasi, ni ugonjwa wa ukungu au bakteria: doa linakufa, linadondoka, tundu linabaki. Dawa ya shaba hupulizwa mara mti unapobaki bila majani, kabla vitumba havijavimba. Ukiipuliza wakati majani yamejaa unaweza kuyaunguza, maana mplamu ni mwepesi kudhurika na shaba.

Majani yaliyoliwa kwa kingo za kuraruka, na mchana humwoni mdudu yeyote: toka na tochi saa mbili usiku. Ni mbawakawa. Waokote uwatupe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Jioni chache mfululizo zinatosha.

Madoa madogo ya manjano juu ya jani, na ukigeuza jani unga wa kahawia unakushika kidoleni, hiyo ni kutu ya plamu. Huja na mvua, na haiuwi mti. Okota majani yaliyoanguka na upunguze matawi ya katikati ili upepo upite.

Majani machanga yaliyojikunja na kunata, sisimizi wakipanda na kushuka, ni vidukari. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jioni, chini ya majani, na utepe wa kunata kuzunguka shina ili sisimizi wasipande kuwalinda. Wakati wa maua usipulize kitu chochote, hata sabuni, kwa ajili ya nyuki.

Januari na Februari, majani yakififia na kuonekana yamepakwa vumbi la fedha, gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Nukta zikitembea ni utitiri. Mpira wa maji wenye nguvu kila baada ya siku chache huwaondoa.

Mti wa zambarau umegeuka kijani

Tazama ukijani unaanzia wapi. Ukiwa mti mzima umefifia, mara nyingi ni kivuli. Rangi ile hutengenezwa na jua. 'Pissardii' pia hufifia yenyewe majani yakikomaa, na hakuna cha kurekebisha. Lakini likiwa ni tawi moja au mawili ya kijani yanayokua kwa kasi kuliko mengine yote, fuata mpaka chini. Likitoka chini ya mahali palipoungwa, hilo ni shina la mti wa chini linalojaribu kuchukua nafasi. La mpichi utalijua kwa majani marefu membamba. Usilikate juu kwa makasi, litarudi matatu. Fukua mpaka lilipochomoza, ulishike likiwa changa, ulivunje kwa kulisukuma upande ling'oke na kitako chake.

Plamu zenye funza chini ya mti

Hata mti wa maua huzaa, hasa ukiwa na mplamu mwingine jirani. Matunda laini yenye funza weupe ni kazi ya nzi wa matunda. Yule msumbufu zaidi, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, mgeni kutoka Asia. Okota matunda yote yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, yaache juani mpaka yaive kwa joto, ndipo uyatupe. Kuyafukia juu juu ni kuwalea nzi. Watoto nao wakatazwe kupasua kokwa na kula mbegu iliyomo ndani. Ina sumu ileile ya majani.

Tawi moja moja linakufa, mwaka hadi mwaka

Hii ndiyo dalili ninayoihofia. Kama uwanja wako ulikuwa shamba la kahawa, chai au kipande cha msitu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kiambu na magharibi mwa jiji, huenda kuna visiki vya zamani ardhini, na juu yake kuvu aitwaye Armillaria. Bandua gome kwenye shingo ya mti. Ukikuta utando mweupe kama wa karatasi laini kati ya gome na mbao, unaonukia uyoga mbichi, ni yeye. Hakuna dawa ya nyumbani wala ya dukani itakayouokoa mti huo.

Ung'oe ukiwa na mizizi yote unayoweza kuifikia, hata ile ya unene wa kidole, pamoja na kisiki cha zamani kama kipo, na vyote vichomwe. Kuvu huyu huishi miaka mingi kwenye vipande vya mbao vilivyobaki udongoni, kwa hiyo mahali pale pasipandwe mplamu, mpichi wala mti mwingine kwa muda mrefu. Weka nyasi au maua ya msimu. Mplamu mpya upande upande mwingine wa uwanja, mbali na kisiki chochote, juu ya tuta, mvua za Aprili zikishalowesha ardhi, na kama utauagiza mche kutoka nje ya nchi, pata kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kwa sababu vipandikizi vinavyoingizwa mfukoni huleta magonjwa ambayo bado hatunayo.